Dawati la Michezo la London

Tetesi za soka Ulaya. Baada ya maneno hayo huja siku ya juma, na baada ya siku huja habari zenyewe, fupi fupi, moja chini ya nyingine: klabu fulani inamnyemelea kiungo fulani, kocha fulani yuko mguu ndani mguu nje, mshambuliaji fulani amekataa kuongeza mkataba. Msomaji wa Kiswahili anayepitia ukurasa wa Michezo wa tovuti ya BBC haitafuti safu hii kwa jina la mwandishi. Kichwa chake kinamtosha, kwa sababu hakibadiliki. Inasomwa kijiweni na madereva wa bodaboda wakisubiri abiria, inasomwa chuoni mhadhara ukiendelea, na atakayeisoma kwa sauti atapata wa kubishana naye kabla hajafika habari ya tatu.

Kinachonivutia katika safu hiyo ni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama. Kila tetesi hufungwa kwa jina la gazeti au kituo kilichoitoa. Hii ni ya Sun, hii ya Mirror, hii ya Marca, hii ya Gazzetta dello Sport, hii ya L'Equipe. Uvumi unabaki kuwa uvumi, lakini una mwenyewe, na msomaji anajua wa kumdai ukigeuka uongo. Adabu hiyo haikuanza na intaneti. Ina historia ndefu kidogo, na historia hiyo ndiyo ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC pale London, taasisi inayokaribia kutimiza miaka 70.

Idhaa ilizaliwa tarehe 27 Juni 1957, na mpira haukuwamo katika sababu za kuzaliwa kwake. Mwaka uliotangulia Uingereza ilikuwa imeaibika katika mgogoro wa Suez. Redio ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, ikiwaambia watu wa pwani na bara kwamba wakati wa mkoloni umekwisha, na watu walikuwa wanasikiliza. London ikaona haifai kunyamaza. Katika mwaka huo mmoja ikaanzisha matangazo kwa Kihausa, kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Sauti ya kwanza kusikika kwa Kiswahili ilikuwa ya mwanafunzi wa sheria kutoka Tanganyika, Oscar Kambona, ambaye miaka michache baadaye angekuwa waziri katika serikali ya Julius Nyerere, na baada ya hapo mkimbizi wa kisiasa katika jiji lile lile la London. Kwa hiyo taasisi hii ilianzishwa na mkoloni ili kumjibu adui yake, na sauti yake ya kwanza ikawa ya mpigania uhuru. Ukitaka kuielewa, uyashike yote mawili.

Makao yake yalikuwa Bush House, jengo la mawe lililoko Aldwych, karibu na Strand, lililojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mmarekani, Irving T. Bush. BBC haikuwahi kulimiliki jengo hilo. Ilipanga humo kuanzia 1941, ikaondoka 2012, na katika miaka hiyo 71 yote ilibaki mpangaji. Ndani yake zilikaa idhaa za lugha kadhaa wa kadhaa, kila moja na korido yake, zote zikikutana katika mgahawa mmoja chini ya jengo. Humo ndimo ilimofundishwa kanuni ambayo waliopita Bush House hawaisahau: habari haiendi hewani mpaka vyanzo viwili viithibitishe, na isipothibitika, msikilizaji aambiwe ni nani aliyeisema. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya mapinduzi, vita na vifo vya marais. Miongo kadhaa baadaye ingetumika kueleza kama goti la mshambuliaji limepona.

Shirika lenyewe lilikuwa na mazoea ya mpira tangu zamani. Mechi ya kwanza ya kandanda kutangazwa na BBC moja kwa moja redioni ilikuwa Arsenal dhidi ya Sheffield United, uwanja wa Highbury, tarehe 22 Januari 1927. Zilitoka sare ya bao 1-1. Gazeti la vipindi la BBC lilikuwa limechapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa katika viboksi vyenye namba. Mtangazaji, Teddy Wakelam, aliposimulia, mwenzake pembeni alitaja namba ya boksi ulipo mpira, na msikilizaji nyumbani akaufuata kwa kidole. Hawakuwa bado na imani kwamba maneno peke yake yanaweza kumwonyesha mtu uwanja.

Afrika Mashariki ilikuja kuthibitisha kwamba yanaweza. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na ilipofika 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa waliokua nayo. Nairobi kulikuwa na Sauti ya Kenya. Katika vituo hivyo vilikua vizazi vya watangazaji wa mpira ambao hawakuhitaji mchoro wowote. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, Ahmed Jongo wa RTD, na wengine wa rika lao waliwafanya watu wa Kigoma na Lamu waione mechi ya Nairobi au Dar es Salaam kwa masikio. Mpira ulikuwa na kasi, sauti ikawa na kasi. Mpira ukitoka nje, mtangazaji akapata nafasi ya kumsalimu mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Muhimbili. Kizazi hicho ndicho kilichoipatia London watangazaji wake wa michezo. Tido Mhando, aliyekuja kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye Shirika la Utangazaji Tanzania, alijulikana kwanza nyumbani kwa kutangaza mpira RTD. Charles Hilary naye alitoka RTD, akapita Radio One na Deutsche Welle ya Ujerumani, ndipo akafika London. Kwa hiyo anayesema kwamba London iliwafundisha Waswahili kutangaza mpira amegeuza mambo. Waswahili walifika London wakiwa na ufundi wao mkononi. Walichokikuta huko ni viwanja vikubwa karibu, magazeti ya michezo mezani kila alfajiri, na ile kanuni ya chanzo.

Idhaa ilipokuwa na umri wa miaka tisa, Kombe la Dunia lilichezwa Uingereza. Fainali ilikuwa Wembley, tarehe 30 Julai 1966, wenyeji wakaifunga Ujerumani Magharibi mabao 4-2. Hapakuwa na timu hata moja ya Afrika. Nchi za Afrika zilikuwa zimesusia kwa sababu FIFA ilikataa kulipa bara zima nafasi ya moja kwa moja. Ilitaka bingwa wa Afrika akacheze tena na bingwa wa Asia na Oceania ndipo apite mmoja. Ususiaji ule ulizaa matunda, kwani 1970 Afrika ilipewa nafasi yake na Morocco ikaenda Mexico. Naukumbusha mwaka huo kwa kuwa unaonyesha mahali dawati la michezo la London lilipoanzia. Mashindano makubwa kuliko yote yalikuwa yakifanyika mlangoni pake, na wasikilizaji wake hawakuwa na wa kumshangilia uwanjani.

Kwa miaka mingi michezo ilikaa mkiani mwa taarifa ya habari: matokeo, mfungaji, basi. Na hayo matokeo yalilazimika kusafiri. Masafa mafupi hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa na kurudi chini, na njiani huchoka. Kuanzia 1988 BBC ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, iliyoisogeza London karibu na Afrika Mashariki mpaka ilipofungwa 2014. Hata hivyo, waliosikiliza redio za mkulima enzi hizo wanajua jinsi sauti ilivyozama pale pale jina la mfungaji lilipokuwa likitajwa, ikaibuka tena habari imekwishahamia kwenye ndondi.

Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza Agosti 1992, na televisheni za kulipia zilipoiingiza Afrika, mambo yakabadilika haraka. Vibanda umiza vya kutazamia mpira vikachipuka kila mtaa. Idhaa ikaitikia kwa kipindi cha Ulimwengu wa Soka, kilichorushwa Jumamosi na kupokewa na redio washirika za FM, na ndani yake mechi ya Ligi Kuu ikatangazwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Hapa ndipo dawati lilipopata umbo lake. Kwa mara ya kwanza mtu wa Tunduru, ambaye hakuwa na umeme wa kuendeshea televisheni wala nauli ya kufika kwenye kibanda, aliipata mechi ya Arsenal au Manchester United katika lugha yake, dakika ile ile inapochezwa, kwa betri mbili.

Jumamosi ya London ni jioni ya Afrika Mashariki. Mechi ya saa tisa alasiri huko huanza saa kumi na mbili jioni huku wakati wa baridi yao, na saa kumi na moja wakiwa wamesogeza saa zao mbele. Na kuna sheria ya zamani ya mpira wa Kiingereza inayokataza mechi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni za Uingereza Jumamosi kati ya saa nane na dakika 45 mchana na saa kumi na moja na robo jioni, ili watu waende viwanjani na klabu ndogo zisikose watazamaji. Sheria hiyo haivuki bahari. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliweza kuitazama mechi ambayo Mswahili anayeishi Reading au Leicester hakuweza kuiona nyumbani kwake. Wapo Waafrika Mashariki waishio Uingereza ambao jioni ya Jumamosi walimpigia simu ndugu Dar es Salaam kumuuliza bao limefungwaje.

Charles Hilary ndiye sauti ninayoihusisha zaidi na zama hizo. Alikuwa na uzito wa mtu anayesoma taarifa ya habari na furaha ya mtu aliyeko jukwaani, na hakuvichanganya. Alitaja jina la mchezaji sawasawa, awe Mreno au Mserbia, kwa kuwa alihesabu kulikosea jina la mtu ni kumdharau. Baadaye alirudi nyumbani, akafanya kazi Azam, kisha akawa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Alifariki Mei 2025, miezi mitatu baada ya Mambo Mbotela. Katika mwaka mmoja Afrika Mashariki ilipoteza sauti mbili ambazo watu wazima wa leo walijifunzia kandanda.

Tovuti ilikuja kimya kimya. BBC ilifungua tovuti yake ya habari mwaka 1997 na ile ya michezo mwaka 2000, na Idhaa ya Kiswahili nayo ikapata kurasa zake. Mwanzoni zilikuwa mahali pa kuweka kilichokwisha kutangazwa redioni. Kilichozigeuza kuwa mahali pa kwenda kila siku ni vitu viwili. Cha kwanza ni simu ya mkononi yenye intaneti. Cha pili ni dirisha la usajili, lililoanza Uingereza msimu wa 2002–03. Kabla ya hapo klabu za Kiingereza zilikuwa zikinunua wachezaji karibu msimu mzima. Mlango ulipofungwa, ukabaki wazi kiangazi na Januari tu, biashara yote ikasongamana katika majuma machache, na hofu na matumaini ya mashabiki yakasongamana pamoja nayo. Magazeti yakaona faida. Tovuti ya michezo ya BBC ikawa inakusanya uvumi wa magazeti yote mahali pamoja, na meza ya Kiswahili ikauleta kwa wasomaji wake kwa jina la tetesi.

Sikubaliani na wanaoibeza safu hiyo. Ni kweli tetesi nyingi hazitimii. Ni kweli pia kwamba kampuni za kamari zilipoenea, baadhi ya wasomaji walianza kuzisoma kwa jicho la mkeka wa kubashiri. Fedha ya kamari imeingia ndani kabisa ya mchezo wetu: SportPesa ya Kenya ilidhamini jezi za Everton, na Julai 2017 ikaileta klabu hiyo Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya, Wayne Rooney akafunga. Lakini linganisha safu ile na mamia ya kurasa za mitandao ya kijamii zinazotangaza usajili uliokamilika wakati hakuna hata mazungumzo. Tetesi za BBC hazikuambii kwamba mchezaji amesaini. Zinakuambia gazeti fulani linadai anakaribia kusaini. Kijana anayezisoma kila siku kwa mwaka mzima huanza kujua gazeti lipi hupatia na lipi hupayuka, na ujuzi huo anaweza kwenda nao kwenye habari za uchaguzi au za chanjo. Kwa maoni yangu hilo ni somo la uandishi wa habari lililofika mahali ambapo hakuna chuo cha uandishi.

Mwaka 2012 ulikuwa wa kuhama na wa kuvuna. Tarehe 12 Julai matangazo ya mwisho yalitoka Bush House, na idhaa zote zikahamia Broadcasting House, Portland Place. Majuma mawili baadaye, tarehe 27, Michezo ya Olimpiki ikafunguliwa mashariki ya London. Wafanyakazi hawajazoea viti vipya, na dunia nzima imehamia mjini kwao. Tarehe 9 Agosti David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho, bila wa kumvutia kasi, kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya 1:41 kabla yake. Siku tatu baadaye, siku ya mwisho ya michezo, Stephen Kiprotich wa Uganda aliwaacha Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang, katika barabara za katikati ya jiji, akamaliza marathoni The Mall kwa saa 2:08:01. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua aruke viunzi Munich mwaka 1972. Kwa mwandishi wa Kiswahili aliyeko London, marathoni ile ilipita mwendo wa miguu tu kutoka jengo alilokuwa amelihama mwezi uliotangulia. Hakuhitaji kunukuu gazeti la mtu.

Mwezi huo huo wa Agosti Idhaa ilianza matangazo ya televisheni, Dira ya Dunia, na Salim Kikeke, aliyekuwa pia mtangazaji wa soka, akawa sura yake. Baada ya Kikeke kuondoka BBC mwaka 2023, Watanzania wengi waligundua kwamba walikuwa wamemzoea kwa kandanda kuliko kwa siasa. Pembeni ya shirika hilo kubwa walikuwapo pia Waafrika Mashariki walioanzisha vyao. Tovuti ya Tanzania Sports iliendeshwa kutoka London, ikiandika kwa Kiswahili juu ya Ligi Kuu ya Uingereza na soka la nyumbani, bila jengo la mawe wala ruzuku.

Kisha wakaja wa kwetu uwanjani. Victor Wanyama alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Southampton 2013, na 2016 akahamia Tottenham, kaskazini mwa London. Januari 2020 ikawa zamu ya Mbwana Samatta wa Tanzania. Aston Villa ilimchukua kutoka Genk ya Ubelgiji tarehe 20, na tarehe 1 Februari alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini Bournemouth. Tarehe 1 Machi alianza fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Manchester City walikuwa mbele kwa mabao mawili. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi alimimina krosi, na kijana wa Mbagala akajirusha akaipiga kichwa wavuni. Villa walishindwa 2-1. Jioni ile matokeo hayakuwa na maana kubwa kwa msomaji wa Kiswahili. Ukurasa wa Michezo, ambao kwa miaka ulikuwa umeandika majina ya Wabrazili na Wafaransa kwa heshima zote, uliandika jina la Mtanzania katika orodha ya wafungaji wa fainali ya Wembley, mahali pale pale ambapo mwaka 1966 Afrika haikuwapo.

Majuma mawili baadaye janga la korona lilisimamisha ligi, na mwaka huo huo Samatta akaondoka kwenda Uturuki. Dawati nalo lilikuwa limekwishaanza safari. Novemba 2018 BBC ilifungua ofisi kubwa Nairobi, na kazi nyingi ya Kiswahili, pamoja na televisheni, ikahamia Afrika Mashariki. Naona ilikuwa sawa. Mwandishi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anazipata habari za Old Trafford kwa sekunde zile zile anazozipata aliyeko Portland Place, na zaidi ya hapo anaweza kupanda daladala kwenda uwanja wa Benjamin Mkapa. Kasoro kubwa ya dawati la London ilikuwa hiyo: liliujua mguu wa beki wa tatu wa Chelsea kuliko lilivyoijua ligi ya Mtwara. Soka la wanawake lilikaa pembeni muda mrefu. Riadha, inayoipa kanda hii medali, ilikumbukwa Olimpiki zikifika na Aprili wakati wa mbio za marathoni za London. Sasa ukurasa umeanza kujaa vya nyumbani. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba 2025. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, katika marathoni jijini Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda.

Kuna kazi moja ambayo ningependa ifanywe kabla ya Juni 2027, Idhaa itakapotimiza miaka 70. Sauti za mechi zilizotangazwa kwa Kiswahili kutoka London, za Ulimwengu wa Soka na za kabla yake, zikusanywe zote zilizobaki, ziandikwe tarehe na majina ya watangazaji, na nakala zipelekwe katika hazina za redio za Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Waliozitangaza wanaondoka mmoja mmoja. Vijana wanaojiandaa kuitangaza AFCON hiyo wanastahili kuwasikia wakiwa kazini, dakika 90 nzima, pamoja na makosa yao na pumzi zao.